PUGU: Shule ya Porini Iliyomlea Mwalimu, Halafu Mwalimu Akaichukua

Mtu wa Magindu ukimtajia Pugu, jambo la kwanza analolijua ni mnada. Ng'ombe wakitolewa huku porini wakapakiwa kwenye malori, wengi wao safari inaishia Pugu mnadani, na kesho yake wako buchani Dar. Kituo cha treni nacho anakijua, maana reli ya kati ikitoka Magindu kuelekea mjini inapita Ruvu, inapita Soga, halafu inafika kwenye vile vilima vya Pugu ndipo inateremka jijini. Ila ukimuuliza habari za shule iliyoko juu kule, wengi watakujibu kwa sentensi moja tu: "Si ndiyo pale alipofundisha Nyerere?"

Ndiyo, ni pale pale. Ila jibu hilo limefunika mambo mengi mno, na ndiyo maana historia ya shule ile inasimuliwa nusunusu. Kabla ya Nyerere palikuwa na damu. Baada ya Nyerere palikuwa na ugomvi wa kimyakimya ambao mpaka leo watu wanaubishania vijiweni: shule ni ya nani? Ya aliyeijenga, ya aliyeisoma, au ya anayeishi jirani nayo?

Basi tuanzie mwanzo kabisa.

Mwaka 1888 wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani, shirika la Mtakatifu Otilia, walifika pwani hii na kwenda kupiga kambi Pugu. Dar es Salaam yenyewe wakati huo ilikuwa mji mdogo tu wa Sultani ambao ulishapoa, na Pugu ilikuwa msitu na vijiji vya Wazaramo. Wakajenga vibanda, wakalima bustani, wakaanza kupokea watoto na watu wazima waliotolewa utumwani. Hao ndio wanafunzi wa kwanza wa Pugu. Hawakuwa watoto wa machifu wala wa matajiri. Walikuwa watu walionyakuliwa makwao bara huko, wakateremshwa pwani kwenda kuuzwa, wakaishia mikononi mwa mapadre. Majina yao huwezi kuyasikia kwenye simulizi za kila mwaka, ingawa bila wao pale pasingekuwa na misheni yoyote, pangekuwa na Wazungu wachache waliokaa msituni na misalaba yao.

Kosa la wale wamisionari lilikuwa kubwa na wala hawakulifanya wao. Walikuja wakati mbaya. Mwezi Agosti mwaka ule ule wa 1888, kampuni ya Wajerumani ilianza kutwaa miji ya pwani kwa mkataba iliousaini na Sultani wa Zanzibar. Bendera ikapandishwa, kodi na ushuru vikaanza kudaiwa na watu wasiojulikana, tena kwa dharau. Pwani ikalipuka. Abushiri bin Salim kule Pangani akawa ndiye sura ya vita hiyo, lakini moto uliwaka karibu pwani nzima.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mtu wa Pugu wa wakati ule. Mjerumani wa kampuni ni Mjerumani, na padre Mjerumani ni Mjerumani. Wote wanaongea lugha moja na wamekuja mwaka mmoja. Tena huyu padre amekaa na watu ambao wenye biashara ya utumwa wanadai ni mali yao. Nani angekaa chini kukueleza tofauti?

Tarehe 13 Januari 1889 misheni ya Pugu ilivamiwa. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, na majengo yakachomwa moto. Ndiyo ukawa mwisho wa Pugu ya kwanza, hata mwaka mzima wa utulivu haijauonja.

Kuna kitu hapa ambacho wasimuliaji wengi wanakiruka, wakati ndicho kinachonogesha habari yote. Bagamoyo kulikuwa na misheni nyingine ya Wakatoliki, ya mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika huko tangu 1868. Hao walikuwa Wafaransa. Vita ile ile, pwani ile ile, dini ile ile, lakini Bagamoyo haikuchomwa. Abushiri aliwaacha, na maelfu ya watu waliokimbia mapigano walijificha kwenye viwanja vya misheni. Tena mapadre hao hao wa Bagamoyo ndio waliosimama katikati kuwaombea mateka wa Pugu mpaka wakakombolewa. Kwa hiyo wanaosema wapiganaji wa pwani walivamia Pugu kwa sababu tu ya chuki ya dini, wajibu kwanza swali la Bagamoyo. Wale wa Bagamoyo walikaa na watu miaka ishirini kabla vita haijaanza. Wale wa Pugu hata mahindi yao ya kwanza yalikuwa hayajakauka vizuri.

Abushiri mwenyewe alikamatwa na kunyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo wa 1889. Wajerumani wakashika nchi. Wamisionari wakaanza upya, safari hii makao yakiwa Dar es Salaam, na ndio waliojenga lile kanisa la Mtakatifu Yosefu lililoko mbele ya bandari ambalo kila anayeenda kupanda boti ya Zanzibar anaopita karibu yake. Kuanzia 1905 wakoloni wakaanza kuchimbua reli kutoka Dar kwenda bara. Ikapanda Pugu, ikakata Ruvu na Magindu, mwaka 1907 ikafika Morogoro. Pugu haikuwa tena mwisho wa dunia.

Kisha vita kuu ya kwanza, Wajerumani wakaondolewa, Waingereza wakaingia. Kwa upande wa Kanisa, eneo la Dar es Salaam likaenda mikononi mwa Wakapuchini kutoka Uswisi. Hawa ni watoto wa Mtakatifu Fransisko, kumbuka hilo jina.

Tuseme kidogo kuhusu shule za misheni za wakati huo, maana watu wakisikia "shule ya wamisionari" wanawaza jengo la mawe, kengele na maktaba. Nyingi hazikuwa hivyo. Shule ya kijijini ilikuwa banda la miti na makuti, mwalimu mmoja ambaye ni katekista huyo huyo, ubao mmoja, na watoto wanaokuja msimu usio wa kulima. Masomo yalikuwa kusoma, kuandika, hesabu kidogo na katekisimu. Aliyefaulu alipelekwa mbele, kwenye shule ya bweni. Serikali ya Kiingereza haikutaka gharama ya kujenga shule zake kila mahali, ikaona bora kuwapa wamisionari ruzuku wafanye hiyo kazi. Matokeo yake nchi nzima ikawa mtoto akitaka kusoma zaidi, mlango ulioko karibu naye ni wa kanisa.

Na hapo ndipo penye mwiba kwa watu wa Pwani.

Kisarawe, Kibaha, Bagamoyo, Rufiji, huku kote wazee walishakuwa Waislamu. Watoto walikuwa wanasoma chuoni kwa maalimu, wanajua juzuu, wengine wanaandika barua kwa herufi za Kiarabu. Si kwamba hawakuthamini elimu. Ila kumpeleka mtoto misheni ilikuwa na maana moja: atarudi na jina jingine. Anaondoka Ramadhani, anarudi Rafaeli. Mzazi gani angekubali kirahisi? Kwa hiyo wengi walikataa, na kukataa huko kulikuwa na bei. Shule ikawa imejengwa juu ya kilima cha Wazaramo, lakini mabweni yakajaa wavulana waliotoka mbali: Mahenge, Songea, Masasi, sehemu ambako Ukatoliki ulishaota mizizi. Ndivyo ilivyokuwa Chuo cha Mtakatifu Fransisko Pugu, sekondari ya bweni ya wavulana, iliyokuja kuwa moja ya shule kubwa za Wakatoliki nchini. Majirani zao Waanglikana nao walikuwa na Minaki, hapo hapo Kisarawe. Yaani wilaya moja ilikuwa na shule mbili kati ya zile bora kabisa Tanganyika, na mtoto wa Kisarawe anaziona kwa mbali akipeleka kuni sokoni.

Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa Rais wa awamu ya tatu, ni mmoja wa wavulana hao waliotoka mbali. Ni mtu wa Masasi. Alipita seminari ya Kigonsera, akapita Ndanda, akamalizia Pugu katikati ya miaka ya 1950 kabla ya kwenda Makerere. Lakini wavulana wengi waliolala kwenye yale mabweni hawakuwa marais. Walikuwa makarani, walimu, wauguzi, maofisa wa reli, watu walioibeba nchi mabegani siku Mwingereza alipofunga virago. Hao hakuna anayewaandikia kitabu.

Sasa tufike kwa mwalimu mwenyewe.

Julius Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 akiwa na shahada, kitu ambacho Watanganyika wachache mno walikuwa nacho. Kabla ya hapo alishafundisha Tabora, St. Mary's, shule nyingine ya Wakatoliki. Aliporudi akapewa kazi Pugu kufundisha historia. Januari 1953 akamuoa Maria Gabriel, na maisha yakaanza kwenye nyumba ya mwalimu kule kilimani. Kwa macho ya kawaida kijana ameshafika: kazi ya heshima, mke, nyumba, mshahara kila mwezi. Mtu wa siku hizi angeshaanza kutafuta kiwanja.

Yeye akawa anashuka mjini. Pugu mpaka katikati ya Dar ni kama kilomita 20, na wazee wanabishana mpaka leo kama alikuwa anatembea kwa miguu au anapanda gari. Wengine wanaapa walimuona na vumbi miguuni. Pengine alifanya yote mawili, maana mshahara wa mwalimu tunaujua. La muhimu ni kule alikokuwa anakwenda. Alikuwa anakwenda Kariakoo, kwa akina Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, kwa akina Dossa Aziz, kwa mzee John Rupia. Ukimtoa Rupia, hawa ni Waislamu wa mjini, wanaume wa kanzu na kofia, waliokuwa wameshika chama cha TAA. Aprili 1953 wakamchagua mwalimu wa shule ya misheni kuwa rais wao. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuka TANU.

Tafakari hapo kidogo. Kizazi kizima cha wazee wa Pwani kilikuwa kimewazuia watoto wao kwenda shule za mapadre. Halafu mtu wanayemkabidhi chama chao anatoka shule ya mapadre, analala humo humo. Wangeweza kumkataa kwa hilo tu. Hawakumkataa. Walimpa nyumba za kulala, walimpa nauli, walimpa watu. Dossa Aziz alitoa hadi gari kwa ajili ya kazi ya chama. Na kwa taarifa ya watu wa Magindu, Kwala na Ruvu, huyu Dossa Aziz si mtu wa kusikia redioni tu: uzee wake aliumalizia Mlandizi, hapo hapo tunapokwenda kufuata kila shughuli ya halmashauri. Ni wangapi wanaoshuka stendi ya Mlandizi leo wakijua hilo?

Upande wa pili wakubwa wa shule walianza kukosa raha. Shule ilikuwa inakula ruzuku ya serikali ya kikoloni, na mwalimu wao ndiye anayezunguka kuiambia serikali hiyo iondoke. Februari 1955 akasafiri kwenda New York, na tarehe 7 Machi akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuisemea Tanganyika. Aliporudi akaambiwa achague: ualimu au siasa. Mwezi huo huo wa Machi akaandika barua ya kuacha kazi.

Hapa wasimuliaji wanagawanyika. Kuna wanaowaona mapadre kama waliomfukuza, na kuna wanaosema walimfadhili kumpa nafasi kisha wakamuachia achague kwa heshima. Ukitazama kwa utulivu, walikuwa wamebanwa. Wangemkumbatia wangepoteza ruzuku, wangemtimua hadharani wangepoteza sura. Wakachagua njia ya kati, na njia ya kati ikamfanya Nyerere atoke Pugu bila mshahara, ana mke na familia changa. Mwenyewe miaka ya baadaye alikuwa akisema ualimu aliuchagua, siasa ilimkuta. Jina la "Mwalimu" alitoka nalo darasani. Wavulana wale wa darasa la historia nao majina yao hayamo kwenye sanamu.

Wengi wanaishia hapo. Anaondoka, Uhuru unakuja, makofi. Lakini habari ya Pugu ina pigo la pili, na safari hii aliyepiga alikuwa mwenyeji.

Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na mwezi Machi mwaka huo Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1969 Bunge likapitisha sheria ya elimu iliyoipa serikali mamlaka ya kuzichukua shule za mashirika na kuziweka chini yake. Pugu ikachukuliwa. Minaki ikachukuliwa. St. Mary's Tabora, alikoanzia kazi, nayo ikachukuliwa. Rais aliyefanya hivyo alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa, aliyebatizwa ukubwani kwa hiari yake, aliyelishwa na shule hizo hizo. Kanisa likaachiwa seminari zake, na ndiyo sababu huku Pwani ukitafuta mwendelezo wa elimu ile ya zamani ya mapadre utaukuta Visiga, kwenye seminari ndogo pale barabara ya Morogoro kabla hujafika Mlandizi.

Kwa Kanisa iliuma, na si uongo kusema hivyo. Fikiria misheni iliyochomwa moto 1889, iliyoanza tena kutoka kwenye majivu, halafu siku moja kibao kinabadilishwa. Mtakatifu Fransisko anatoka, inabaki Pugu Sekondari. Lakini kwa familia ya Mzaramo iliyokuwa inaiangalia ile shule kutoka chini ya kilima kwa miaka yote hiyo, sasa mtoto aliweza kuchaguliwa kwenda Pugu akabaki na jina lake. Ramadhani akaenda, Ramadhani akarudi. Anayelaumu utaifishaji bila kuligusa hili anasimulia nusu. Na anayeusifu bila kutaja kwamba shule nyingi zilizochukuliwa zilichakaa, madirisha yakavunjika na vitabu vikaisha bila kuletwa vingine, naye anasimulia nusu.

Haki ilikuwepo, hilo halina mjadala mkubwa. Tatizo ni kwamba serikali ilichukua majengo na walimu, ila uangalizi ule wa usiku na mchana haukuweza kuhamishwa kwa sheria.

Miaka ya 1990 milango ikafunguliwa upya, Kanisa na watu binafsi wakaruhusiwa kujenga tena. Na Kanisa limejenga kweli. Leo hii ukitaja "St. Francis" kwa mwanafunzi wa kidato cha nne, akili yake haiendi Pugu hata kidogo, inaenda Mbeya, kwa wale mabinti waliokuwa wakitajwa mara kwa mara kati ya wanaoongoza matokeo ya taifa. Jina limehama na sifa imehama nalo. Kitu kingine kilichobadilika ni ada. Zamani aliyezuiwa kuingia shule ya kanisa alizuiwa na jina lake. Siku hizi Asha anapokelewa vizuri kabisa na hijabu yake anaruhusiwa kuivua au kutafuta shule nyingine kwa mazungumzo, lakini mzazi wake akiona karatasi ya ada anaikunja taratibu na kuirudisha kwenye bahasha. Mkatoliki maskini naye anaikunja vile vile. Wote wawili watoto wao wanakutana shule ya kata.

Pugu yenyewe ipo. Ni shule ya serikali, wavulana kutoka kila kona, misikiti na makanisa yote yamewakilishwa humo. Karibu na hapo ni Pugu nyingine, ile ya Kanisa, kituo cha hija ambako waumini wa Jimbo Kuu la Dar es Salaam huenda kwa mabasi kuwakumbuka wale waliouawa 1889. Siku za hija barabara inajaa nyimbo na vitenge. Waliolala pale, mabruda wawili na yule sista, wanaombewa kwa majina. Waliokuwa nao siku ile misheni inaungua, wale watoto na watu wazima waliokwisha kuuzwa mara moja na wakawa wanaanza kujifunza herufi, hawana siku yao.

Na treni kutoka Magindu bado inapita chini ya kilima, na ng'ombe wa mnada bado wanashushwa ng'ambo ya pili.